Kinyago kimetoka mti gani? Sanaa za jamii na kazi ya kulinda mazingira

Kila tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, viwanja vya wilaya nyingi za Kenya na Tanzania hufanana. Turubai limetandwa, spika zinanguruma, wanafunzi waliovaa sare wanangoja zamu yao ya ngonjera. Kikundi cha ngoma kinafungua, kwaya inapokea, mgeni rasmi anapanda mche, picha zinapigwa. Jioni turubai linashushwa na watu wanarudi makwao.

Wapo wanaotazama shughuli hizi na kusema sanaa ni pambo tu, fedha hizo zingenunua miche zaidi. Wapo wanaojibu kwamba bila ngoma na maigizo ujumbe haufiki kijijini, kwa hiyo kila mradi uwe na fungu la burudani. Nimewasikiliza wa pande zote mbili kwa muda mrefu, na naona wanakubaliana bila kujua: wote wanaichukulia sanaa kama kipaza sauti. Lakini sanaa za watu wa huku zina mikono, zina malighafi, zina soko na zina familia zinazokula kutokana nazo. Mara nyingine sanaa yenyewe ndiyo inayoingia msituni na shoka. Anayetaka kujua kama sanaa imesaidia mazingira afuate kwanza vitu: mti umetoka wapi, taka zimekwenda wapi, nani amelipwa, nani amekatazwa.

Wachongaji na muhugu

Tuanze na vinyago vya Wakamba, maana kisa chao ndicho kinachofundisha zaidi. Mutisya Munge wa Wamunyu, Machakos, anatajwa kuwa ndiye aliyerudi na ufundi huu kutoka Tanganyika, alikokuwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kutoka Wamunyu ufundi ukasambaa Nairobi na Mombasa, na mwaka 1963 wachongaji wa Mombasa wakaanzisha ushirika wao. Karakana zao ziko upande wa Changamwe, barabara ya kwenda uwanja wa ndege. Ukiingia pale unakuta vibanda vimepangana, kila kimoja na mlio wake: huku shoka linachapa gogo, kule tezo inapasua vipande vidogo, mbele kidogo vijana wamekaa chini wakisugua msasa. Mwisho kabisa kuna anayepaka kiwi ya viatu, na hapo ndipo twiga anapoanza kung'aa.

Mti walioupenda kuliko yote ni muhugu. Ni mgumu, nyuzi zake zimeshikana, hauliwi na mchwa kirahisi, na ukiupiga msasa unatoa rangi ya asali. Tatizo ni kwamba unakua polepole sana. Gogo linalotosha kifaru wa ukubwa wa mbuzi ni la mti uliosimama miongo mingi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti walikadiria kwamba Kenya ilikuwa na wachongaji wapatao 60,000, wenye watu mamia ya maelfu nyuma yao wanaowategemea, na kwamba kazi hiyo ilikula zaidi ya miti 50,000 kwa mwaka. Miti hiyo ilitoka katika misitu iliyokuwa tayari imebanwa, ukiwemo Arabuko-Sokoke wa Kilifi, ambao ndio kipande kikubwa kuliko vyote kilichobaki cha msitu mkavu wa pwani ya Afrika Mashariki. Mtalii aliyenunua twiga kwa kupenda wanyama wa Afrika hakuwa na njia yoyote ya kujua kwamba amelipia pia kukatwa kwa msitu.

Hapa njia rahisi ingekuwa kuwalaumu wachongaji, au kuwapelekea kikundi cha maigizo kiwaambie wasikate miti. Wangesikiliza, wangepiga makofi, na kesho yake wangerudi kazini, kwa sababu watoto hawali makofi. Kilichofanyika kilikuwa kigumu zaidi. Watafiti wa mimea, kwa ushirikiano wa WWF, UNESCO na bustani ya Kew ya Uingereza, walikaa na ushirika wenyewe wakauliza swali moja: kuna mti gani mwingine unaochongeka? Jibu lilikuwa limesimama uani. Mwarobaini, ulioletwa kutoka Bara Hindi na sasa umejaa pwani nzima, unakua haraka na ukikatwa unachipua tena. Mwembe uliozeeka usiozaa nao unafaa. Jakaranda na mgrevilea vivyo hivyo.

Wachongaji hawakufurahi mara moja, na walikuwa na haki. Mwarobaini mbichi unapasuka. Unaweza kumchonga tembo vizuri, ukamsafirisha hadi Ulaya, na akifika kwenye nyumba yenye joto la hita akafunguka ufa kuanzia mgongoni hadi tumboni. Rangi yake pia si ile ambayo wanunuzi wameizoea. Ilibidi mtindo wa kazi ubadilike: gogo lichongwe umbo la kwanza likiwa bichi, lianikwe kivulini au likaushwe kwenye tanuri taratibu, kisha ndipo lirudishwe kwa kisu na msasa. Kukausha kunataka muda, na muda ni fedha ambayo mchongaji anayelipwa kwa kipande hana. Ndiyo maana ushirika ulikuwa muhimu. Mtu mmoja mmoja asingeweza kungoja.

Katikati ya miaka ya 2000 miarobaini ya mashamba ya pwani iliyokuwa ikichongwa na ushirika huo ilipata cheti cha FSC, baraza la kimataifa linalothibitisha kwamba mbao zimevunwa kwa utaratibu unaolinda msitu. Sitadai kwamba tangu hapo hakuna aliyekata muhugu. Msitu bado una wezi wake. Lakini kitu kimoja kilibadilika ambacho hotuba haziwezi kukibadilisha: mkulima wa Kilifi au Kwale mwenye miarobaini uani alianza kuiona kama mali. Mti uliokuwa wa kivuli na dawa ukawa na bei.

Kusini zaidi, Kilwa, mpingo una kisa chake. Huu ndio mti wa vinyago vya Wamakonde, ndio huohuo unaotengenezewa klarineti na obo huko Ulaya, na unahitaji takribani miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Kwa muda mrefu wanavijiji waliokuwa wakiishi na mpingo walipata senti chache huku magogo yakiondoka kwa malori. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliziruhusu halmashauri za vijiji kumiliki na kusimamia hifadhi zao za misitu, na mwaka 2009 vijiji vya Kilwa, vikisaidiwa na shirika la kuhifadhi mpingo lililoko huko, vilipata cheti cha FSC kwa msitu wa asili unaosimamiwa na jamii, jambo lililokuwa la kwanza barani Afrika. Sasa kijiji kinapanga magogo mangapi yavunwe, kinauza chenyewe, na mapato yanakwenda kwenye shule, visima na doria za msitu. Mpiga klarineti wa Vienna na mchongaji wa Mwenge, Dar es Salaam, wote wawili wanategemea kikao cha kijiji ambacho hawajawahi kukisikia.

Kutoka mbao hadi ndara

Kisa cha wachongaji hakikuishia kwenye mwarobaini. Mwishoni mwa miaka hiyohiyo ya 1990, katika ufuo wa Kiwayu karibu na mpaka wa Somalia, mtaalamu wa bahari Julie Church aliwaona watoto wakijitengenezea vidude vya kuchezea kwa ndara zilizotupwa ufuoni na maji. Ndara zinaelea, hazizami, kwa hiyo bahari inazisafirisha mbali na kuzirundika mahali pamoja. Kina mama wa huko wakahimizwa wazikusanye, wazioshe, wazikate na kuuza kazi zao. Leo kazi hiyo imekuwa biashara ya Ocean Sole, yenye karakana Nairobi na pwani, na walioajiriwa humo ni pamoja na wachongaji waliokuwa wakichonga mbao. Ndara hugundishwa kwa gundi tabaka juu ya tabaka mpaka ziwe bonge la rangi rangi, kisha mtu aliyezoea muhugu anashika kisu na kumtoa simba humo ndani. Ujuzi ni uleule wa Wamunyu. Malighafi ndiyo imebadilika.

Wengi zaidi wanalijua jahazi la Lamu. Mradi wa Flipflopi, ulioanzishwa mwaka 2016 na Ben Morison, ulimtafuta fundi Ali Skanda wa Lamu na kumpa kazi ambayo hakuna fundi aliyewahi kupewa: aunde chombo kwa plastiki iliyookotwa tu. Tani kumi za plastiki zilikusanywa ufuoni na mitaani, zikapangwa, zikasagwa, zikayeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Mkuku, yaani uti wa mgongo wa chombo, ulitengenezwa kwa plastiki, mataruma, yaani mbavu zake, kwa plastiki, mbao za ubavuni kwa plastiki. Kisha vyombo vilevile vya useremala vikatumika: msumeno, tezo, patasi, misumari, kalafati. Nje lilivikwa vipande vya ndara zipatazo 30,000, na kwa mbali linaonekana kama kanga iliyotandazwa juani.

Nataka nisimame kidogo hapa, maana watu hupita haraka wakidhani ni mchezo wa rangi. Ubao wa mbao una mshipa. Fundi anausoma na kujua utapinda upande gani. Plastiki haina mshipa. Ikipata jua inatanuka, ikipoa inanywea, na ikibebeshwa uzito kwa muda mrefu inalegea. Skanda na wenzake walilazimika kugundua upya, kipande kwa kipande, mambo ambayo baba zao walikuwa wameyamaliza zamani: unene gani unatosha, taruma zikae mbali kiasi gani, msumari ushike wapi. Chombo hicho cha mita tisa, walichokiita Ndogo, kilishushwa majini Septemba 2018. Mapema mwaka 2019 kilitweka tanga kutoka Lamu hadi Zanzibar, safari ya kilomita 500 hivi, kikitia nanga njiani na kuwakusanya wanafunzi, wavuvi na viongozi. Mwaka 2021 kilipandishwa hadi Ziwa Victoria na kutembelea fukwe za Kenya, Uganda na Tanzania.

Safari hiyo ilifanya nini hasa? Ndara hizo 30,000 ni chache mno mbele ya zile zinazoletwa na bahari kila msimu. Thamani ya chombo iko kwingine. Kwanza, lilimwonyesha fundi na kijana wa Lamu kwamba taka zilizoko nyuma ya nyumba ni malighafi. Leo Lamu kuna kituo cha kukusanya na kuchakata plastiki, na vijana hutengeneza samani kwa ubao wa plastiki iliyorejelezwa. Pili, liliwapa wanasiasa jambo la kuitikia hadharani. Ni vigumu waziri kusimama gatini mbele ya chombo kama kile, watoto wamemzunguka, halafu aseme suala la plastiki litaangaliwa baadaye.

Ila tuweke mpangilio wa matukio sawa. Marufuku ya mifuko ya plastiki Kenya ilianza tarehe 28 Agosti 2017, mwaka mmoja kabla jahazi halijashushwa, na faini yake ilifika shilingi milioni nne. Zanzibar ilikuwa imetangulia tangu 2006, Rwanda 2008, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Kama tunataka kumtaja msanii aliyesukuma marufuku ya Kenya, tumtaje James Wakibia, mpiga picha wa Nakuru. Yeye alipiga picha za jalala la Gioto na za mifuko iliyonasa kwenye miti na kwenye uzio, akazituma mitandaoni siku baada ya siku, akawaomba watu wapige picha na mabango na kudai sheria. Hakuna aliyemwekea turubai. Kilichomsaidia ni kwamba alijua anachokidai: kitu kimoja, mfuko mmoja, kutoka kwa wizara moja.

Taka na tabianchi si kitu kimoja

Hapa kuna fundo ambalo lazima lifunguliwe, kwa sababu matamasha mengi yanalikaza. Kwenye jukwaa moja utasikia wimbo wa kuokota taka, shairi la ukame na mchezo wa mafuriko, vyote vikiitwa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Mtoto anaondoka akiamini kwamba akiokota chupa ufuoni, mvua itarudi.

Tabianchi inabadilika kwa sababu ya hewa ukaa na gesi nyingine zinazolizuia joto lisitoke angani, na sehemu kubwa ya gesi hizo hutokana na kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, pamoja na ukataji misitu. Afrika nzima, na watu wake zaidi ya bilioni moja, inatoa chini ya asilimia tano ya hewa ukaa ya dunia. Plastiki inahusika kwa kuwa hutengenezwa kwa mafuta na gesi, na kiwanda chake hutoa moshi. Lakini chupa ikishafika ufuoni, madhara yake ni kwa kobe, kwa samaki, kwa mifereji inayoziba. Kuiokota ni jambo jema linalojitosheleza lenyewe, halihitaji kuvalishwa joho la tabianchi.

Mwaka 2022, wajumbe wa Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa walipokutana Gigiri, Nairobi, walilakiwa na bomba kubwa mno, refu kama ghorofa tatu, lililoning'inia hewani likimwaga taka za plastiki. Msanii alikuwa Benjamin Von Wong wa Canada, na taka zenyewe zilikusanywa Kibera. Naliona kuwa kazi ya maana kwa sababu lilionyesha mahali pa kushika: koki, yaani uzalishaji, na halikuishia kwenye kidimbwi cha chini tunachokideki kila siku. Baraza lilipitisha azimio la kuanza kujadili mkataba wa dunia kuhusu plastiki. Tangu hapo vikao vya Busan mwaka 2024 na Geneva mwaka 2025 vimemalizika bila makubaliano, na kilichokwamisha zaidi ni hilohilo la koki: mataifa yanayochimba mafuta hayataki uzalishaji uwekewe kikomo. Sanaa ililiweka swali mezani wazi kabisa. Kulijibu kunahitaji nguvu ambayo msanii hana.

Kwa jamii zetu, basi, sanaa ya tabianchi ina kazi tofauti na ile ya nchi zenye viwanda vikubwa. Mvuvi wa Pemba hana moshi mwingi wa kupunguza. Ana bahari iliyopata joto, matumbawe yaliyofifia vibaya mwaka 1998 na mara kadhaa baada ya hapo, na misimu ya kaskazi na kusi isiyokuja kwa miadi kama walivyozoea wazee. Anachohitaji ni kuzungumza na wenzake: tuvue wapi, tupumzishe miamba gani, nani alipe, serikali idaiwe nini. Na mazungumzo ndiyo mahali ambapo maigizo yana nguvu kuliko kitu kingine chochote ninachokijua.

Mchezo unaposimamishwa katikati

Tanzania ina urithi mzito katika jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda Malya, mkoani Mwanza, na baadaye vijiji vya Bagamoyo, kufanya maigizo ambayo wanakijiji wenyewe ndio waliochagua tatizo, wakalichunguza, wakalitungia mchezo kwa ngoma na ngonjera zao, wakaonyesha, kisha wakakaa kujadili la kufanya. Wasanii wa mjini walikuwa wasaidizi. Njia hiyo, pamoja na ile ya Mbrazili Augusto Boal ya kumruhusu mtazamaji kuingia jukwaani na kubadilisha kinachotendeka, ndiyo mama wa maigizo mengi ya mashirika tunayoyaona leo. Kwa bahati mbaya mengi yamebakiza ngoma na kuacha uchunguzi.

Tuangalie tofauti kwa mfano wa mkaa. Mchezo wa kawaida unaanza na mchoma mkaa mlafi, mvua inakatika, anajuta, mwisho wote wanaimba tupande miti. Mchezo wa njia ya Malya unaanza wiki mbili kabla, kwa kutembea nyumba hadi nyumba kuuliza nani anachoma, nani ananunua, gunia linauzwaje na kodi anachukua nani. Siku ya onyesho, mchezo unafika pale mgambo anapomkamata mama aliyebeba gunia, halafu mwezeshaji anainua mkono: simama hapo. Nani angefanya vingine?

Hapo ndipo mambo yanapotoka. Mama ntilie mmoja atainuka na kusema yeye hapendi mkaa, lakini mtungi wa gesi anapaswa kuujaza kwa mkupuo mmoja, na mkaa ananunua kopo kwa kopo kulingana na alichouza asubuhi. Kijana atasema anachoma mkaa kwa sababu shamba la baba limegawanywa mara nne na kipande chake hakitoshi hata mihogo. Mzee atauliza kwa nini malori ya mkaa hayakamatwi, wanakamatwa wa baiskeli na wa kichwani. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye amekaa mbele kama mgeni wa heshima, sasa ana watu mia mbili wanaongoja jibu lake. Katika saa moja kijiji kimeonyesha kwamba tatizo la msitu wao ni bei ya gesi, ardhi na rushwa ya kwenye vizuizi vya barabarani. Hakuna dodoso la mtafiti litakaloyatoa yote hayo mbele ya mhusika mwenyewe, kwa sababu kwenye dodoso mtu hujibu peke yake, na peke yake anaogopa.

Ndiyo maana nahuzunika ninapoona kikundi kizuri cha maigizo kimepewa dakika kumi na tano kati ya hotuba mbili. Dakika kumi na tano zinatosha kuchekesha. Mjadala unaanza kuiva baada ya saa nzima, na mara nyingi maneno ya maana husemwa na wale wanaobaki baada ya spika kuzimwa.

Wamijikenda wanajua kwa namna yao kwamba sanaa peke yake haitoshi. Misitu yao mitakatifu ya kaya, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2008 katika Urithi wa Dunia, maeneo kumi yaliyotawanyika kilomita 200 hivi za pwani ya Kenya, haikulindwa kwa mabango. Ililindwa na kanuni: usikate, usipeleke mifugo, usitoke na kijiti, na nyimbo na matambiko yalizitia kanuni hizo uzito. Sanaa ilikuwa na mlinzi, mlinzi alikuwa baraza la wazee, na baraza lilikuwa na adhabu. Kaya zilizopoteza wazee wenye sauti zimemegwa na mashamba na hoteli, hata pale ambapo ngoma bado zinachezwa.

Boriti za Lamu

Nirudi Lamu, maana hapo mambo yote haya yanakutana mahali pamoja. Kenya ina hekta zaidi ya 61,000 za mikoko, na takribani asilimia 60 ziko Lamu. Mikoko huzuia mawimbi yasile ufuo, hulea samaki na kamba wadogo, na huhifadhi kaboni nyingi sana, sehemu kubwa ikiwa ndani ya tope chini ya mizizi, ambako hukaa miaka mingi mno kama halijachimbuliwa. Huko Gazi, Kwale, wanakijiji wanalinda hekta 117 za mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza mwaka 2013. Wanauza hati za kaboni, yaani wanalipwa kwa kaboni ambayo mikoko yao inaihifadhi, na mapato yamekwenda kwenye maji na shule. Hapa, tofauti na kuokota chupa, neno tabianchi liko mahali pake.

Lakini mikoko ya Lamu ni sanaa pia. Mji wa kale, uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2001, umeezekwa kwa boriti za mikoko. Vyumba vyake ni vyembamba na virefu kwa sababu upana ulipimwa na urefu wa boriti. Mataruma ya majahazi hupatikana kwenye mlilana wenye mapindo yake ya asili, ambao fundi huutafuta mtini ukiwa bado umesimama. Mwaka 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji miti nchini, mikoko ya Lamu ikajumuishwa. Wakataji walikosa kazi, mafundi wakakosa mbao, na nyumba za kale zilizokuwa zikingoja boriti za kubadilishia zile zilizooza zikaendelea kungoja. Mwaka uliofuata marufuku hiyo ililegezwa kwa Lamu baada ya wakazi kulalamika.

Wahifadhi walikuwa na sababu, maana kuna sehemu zilizokuwa zimekatwa kupita kiasi. Ila fundi anayejua ni pindo gani la mlilana linafaa taruma, na mkataji anayejua boriti ipi imekomaa na ipi iachwe, ni watu wenye maarifa ya msitu ambayo hayamo katika ofisi yoyote. Ukiwatoa msituni, umetoa na macho yao. Mahali pao panapaswa kuwa kwenye kamati, wakisema mkondo upi upumzishwe na upi uvunwe, kama ilivyokuwa kwa wachongaji wa Changamwe walipoulizwa mti gani mwingine unachongeka.

Mpango wa taifa wa Kenya wa kusimamia mikoko ulitungwa kwa kipindi cha 2017 hadi 2027. Utakaoufuata lazima uandikwe, na vikao vya kuuandaa vitahitaji kuanza kabla ya huo kumalizika. Vikundi vya Lamu, Kipini na Kwale vinavyotunga michezo na nyimbo za mikoko vina nafasi ya kuandaa kitu kitakachosomwa ndani ya kikao hicho: orodha ya mikondo, majina ya miti, bei ya boriti, na maswali ambayo watu wameyauliza pale mchezo uliposimamishwa.